Vijana wa Nusu Bei

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka situlii nilipokaa. Ilikuwa Jumatatu ya mwezi wa tatu, mwaka ule serikali ilipouza kiwanda cha nguo pale Nyakato. Siku hiyo mafundi wote wa umeme na mitambo walitangaziwa kwamba wamepunguzwa kazi. Mashine zilibaki, na king'ora cha asubuhi kikaendelea kulia. Waliopunguzwa ni wale waliojua kinalizwa na nini.

Mimi sikupunguzwa. Mimi ndiye niliyeletwa.

Mwenye mali mpya alikuwa amepatana na mkandarasi wa kutoka Dar es Salaam amletee mafundi wa bei ndogo, na mkandarasi akatuokota sisi vijana, tumetoka chuo cha ufundi hata mikono haijaota sugu. Nilikuwa na mama yangu kule Buhongwa na wadogo zangu wanaosoma, na nilikuwa nimezunguka mji mzima nikitafuta kazi. Kwa hiyo sikuuliza nafasi ile ilikuwa ya nani. Mwenye njaa haulizi chungu kilipikiwa nani.

Wazee wale walipewa wiki chache za kutufundisha kabla ya kuondoka. Lifikirie hilo taratibu: mtu anaambiwa awaonyeshe wengine namna ya kuishi bila yeye. Siku ya kwanza tu walitupa jina. "Nusu Bei, lete bisibisi." "Nusu Bei, umekula, au na ugali unakula nusu?" Tulicheka nao, ungefanyaje. Baadhi yao walikubaliana watufundishe nusu vilevile, ili bei na bidhaa zilingane.

Mimi nilipangwa na Mzee Mabula, fundi mkuu wa zamu, Msukuma mrefu asiye na maneno mengi, ambaye kabla ya kufungua sanduku la umeme huvua saa yake na kuitia mfukoni. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, kisha nikaongeza pole. Pole mzee, pole na haya yaliyotokea. Nilidhani ndiyo adabu. Asubuhi moja akaweka plaizi chini.

"Kijana, hiyo pole unampa nani?"

Nikamwambia nampa yeye.

"Hapana. Unajipa mwenyewe, upate usingizi. Mimi sijafiwa, nimepokonywa, na aliyepewa ni wewe. Maji umeshayavulia nguo, yaoge. Lakini usisimame humo majini ukanililia mimi niliye nchi kavu. Ukitaka kunipa kitu, niulize swali."

Basi nikaanza kuuliza. Akanifundisha yote, hata yale wenzake waliyomkataza. Walipomlaumu alisema umeme hausomi tangazo la waliopunguzwa, utamuua yeyote aliyefundishwa nusu. Na ugomvi wake ni na waliouza, si na mama yake huyu kijana, anayelishwa na kazi hii.

Wiki ya mwisho mkandarasi akaniita ofisini, meneja mpya akiwepo. Walitaka kujua kama kazi nimeiweza, ili mzee aondoke kabla ya siku aliyopangiwa. Mkandarasi alinikonyeza. Nilimwona mama yangu pale mbele yangu, nakuambia kweli, kama vile amekaa kwenye kiti cha meneja.

Nikasema, "Ya siku njema ninaiweza. Ya siku mbaya bado."

Meneja akacheka. Akasema siku mbaya nitajifunzia mwenyewe, kwani kwa mshahara ninaolipwa hawakutegemea zaidi. Mzee Mabula aliondoka jioni ileile. Ukweli wangu haukumsaidia kitu, na mimi sikupata hata heshima ya kufukuzwa. Nilibaki kwa sababu nilikuwa rahisi.

Jumapili, nikitoka kanisani, nilikuwa napanda kwake Buswelu. Alikuwa akitengeneza redio za majirani barazani. Mkewe, Mama Kulwa, alinipa uji, lakini hakukaa nasi. Mzee hakuwahi kuniuliza habari za mkandarasi. Aliuliza mitambo tu, huu unaungurumaje, ule bado unapata joto. Mtu akiulizia wanawe walio kwa watu huuliza hivyohivyo. Baadaye akaugua, na hakuinuka tena.

Unaujua utaratibu wetu wa mazishi. Husomwa wasifu, kisha huitwa wa kutoa rambirambi: ukoo, kanisa, kazini kwa marehemu, majirani. Msoma ratiba akaita, "Mwakilishi wa kazini." Watu wakageuka nyuma. Kiwanda hakikutuma mtu. Kwao hakuwa mtu wao tena. Mafundi wenzake walikuwepo, wameinamisha vichwa, lakini nao hawakuwa na kazini. Akaita mara ya pili. Mama Kulwa alikuwa anatazama chini. Mwanangu, mzee yule aliumaliza ujana wake wote Nyakato, na sasa ilikuwa inapita hivihivi, kana kwamba hakuwahi kufanya kazi popote.

Nikasimama. Msoma ratiba akaniuliza natoka kampuni gani. Nikasema sikutumwa na kampuni.

"Mimi ndiye niliyepewa nafasi yake. Alijua hivyo, na bado alinifundisha yote. Kama ana kazini, ni mimi."

Nasaha yangu si ndefu. Ukipewa nafasi iliyokuwa ya mtu, na njaa ikakulazimisha kuishika, ishike. Sina uso wa kukuhukumu. Ila lijue jina lake, na ulitaje mbele za watu hata kama wanaokulipa hawapendi kulisikia. Na siku utakapoambiwa umfundishe wa bei ndogo kuliko wewe, maana siku hiyo yaja, usimfundishe nusu. Siye aliyekuuza. Sijui kama hayo yanatosha, mimi hayajanituliza. Mungu akupe kazi isiyomlaza mwingine njaa, na akikunyima hiyo, asikunyime macho ya kuiona njaa yake.

Siku ile ya mazishi nilimaliza kusema. Nikakaa. Msoma ratiba akatazama karatasi yake, akawaita majirani.