Kaburi Nililolipaka Chokaa

Msinicheke. Marehemu fundi Ekai alibuni friji isiyotumia umeme, lakini hapa Kakuma nani anamkumbuka? Nilipoona rundo la mawe nyuma ya boma lake, limezungushiwa miiba, machozi yalinitoka. Asubuhi nzima nilikuwa kama niko ndotoni. Nikaziba kila upenyo kwa saruji, nikapaka chokaa, na upepo ukaninyunyizia vumbi laini kama baraka. Nilikuwa nimepiga magoti mjane wake aliporudi kutoka sokoni na kibuyu kitupu.

“Ejok, mwalimu,” akanisalimu. “Unafanya nini?”

“Namwombea mzee, mama. Apumzike pema.”

Akalitazama rundo jeupe, kisha akanitazama mimi.

“Mzee tulizika Lodwar. Hiyo ndiyo friji yake. Maziwa yangu iko ndani.”