Msomi Aliyechemsha Majani ya Mama Yake

Saa moja asubuhi, katika kijiji kimoja cha Klaten, Jawa ya Kati, nchini Indonesia, Wening Prastiwi anamwaga soya zilizochemshwa kwenye ungo wa mianzi na kuzipepea zipoe. Pembeni, mama yake, Bi Lasmi, mwenye miaka 67, anasubiri na jani la mti wa waru mkononi.

Jani hilo ndilo mtaji wa nyumba. Upande wa chini limeota kuvu nyeusi. Likisuguliwa juu ya soya, kesho kutwa zinashikana na kuwa tempe, kitoweo cha soya zilizochachushwa, na hapa mlo bila tempe haujawa mlo.

Wening, 34, ana shahada ya biolojia. Alipohitimu aliomba kazi za maabara akakosa, akafundisha shule kwa mkataba, kisha akawa wakala wa kampuni ya dawa, akizinadi kwa madaktari hospitalini.

"Niliwasubiri madaktari mlangoni mpaka walinzi wakaanza kuniita shemeji," anasema akicheka.

Miaka sita iliyopita alirudi nyumbani, na wiki ya kwanza tu akafanya kituko. Aliyaona majani yameota kuvu, akayachemsha yote.

"Nilidhani namsaidia mama. Mimi, msomi wa viumbe hai!"

Kuvu iliyoachwa na bibi yake ikafa. Wateja walihama mwezi mzima, hadi Bi Lasmi alipokwenda kuomba jani kwa mpwa wake, ambaye yeye mwenyewe alimgawia majani hayo siku mpwa huyo alipoolewa.

"Shahada anayo, lakini majani hagusi," anasema Bi Lasmi.

"Mama, mambo hayo si yameisha?"

"Yameisha kwako. Aliyekwenda kuomba ni mimi."

Jani linaposuguliwa, hakuna anayeruhusiwa kuzungumza. Wazee husema soya zinasikia. Wening aliwahi kumweleza mama yake kwamba mtu akiongea, mate hurukia chakula na kukiharibu.

"Kumbe ulikaa chuo miaka minne kusomea nilichokwambia bure!" mama akamjibu.

Sasa barua imekuja. Maabara ya serikali jijini Semarang inamtaka aripoti Jumatatu, kwa mshahara karibu mara mbili ya anachopata hapa. Mwakani atakuwa amepita umri wa kuajiriwa serikalini. Mama anataka aende.

Wening anataka kubaki, aioteshe kuvu hiyo katika nyumba tatu, ili akikosea mtu mmoja isife tena.

"Lakini nibaki nipepee tu hadi nizeeke?" ananiuliza. "Nimemwambia mama, akininyima jani na leo, naondoka."

Soya zimepoa. Bi Lasmi anaitazama barua iliyochomekwa ukutani, kisha anavitazama vidole vyake, ambavyo siku hizi vinatetemeka. Anasogea, anamnyooshea binti yake lile jani.

Wening anafungua mdomo aseme neno. Mama anamwekea kidole midomoni.

"Nyamaza, mwanangu, soya zinasikia. Na hayo machozi usiyadondoshee humo."