Mkwe wa Kutoka Wuxi na Beseni la Nyama

Ukimuuliza mtu wa mji wetu wa Nanxiang ni wapi pa kula vifuko vya supu, vile vya unga mwembamba vyenye nyama na mchuzi wa moto ndani, atakuelekeza kwenye duka la shemeji yake. Mimi sina shemeji, kwa hiyo huwaelekeza watu kwa Bibi Tao, ambako napanga vikapu vya mianzi juu ya mvuke, mwaka wa kumi na tisa sasa. Lakini ninayetaka kumwandika si Bibi Tao. Ni mkwe wake, mke wa mwanawe, Hua Meidi.

Meidi aliolewa hapa akiwa na miaka ishirini na minne, akitokea Wuxi. Ni safari fupi ya treni, hata karanga huzimalizi. Kwa Bibi Tao, hata hivyo, Wuxi ni ng'ambo, maana kule nyama wanaitia sukari.

"Mtu wa Wuxi akilia," husema Bibi Tao, "kinga kikombe, chai imepata sukari."

Nilivyosimuliwa, siku yake ya kwanza jikoni, bibi harusi mbichi, Meidi alichukua mkebe wa sukari akaumimina kwenye beseni la nyama, kama alivyomwona mama yake akifanya tangu utotoni. Hakudhani kuna mtu duniani anayefanya vingine. Asubuhi ile vifuko vilirudi jikoni vimeng'atwa mara moja moja. Tangu hapo ikawa sheria: Meidi atasukuma unga, atajaza, atafunga. Kukoleza nyama ni kazi ya mkono wa Nanxiang, yaani mkono wa Bibi Tao mwenyewe.

Basi akafunga kwa miaka ishirini na tisa. Vidole vyake vinakunja ukingo wa kifuko huku macho yapo mlangoni na mdomo unamtania muuza mboga, na sijawahi kuona kifuko chake kikipasukia kwenye kikapu. Lakini kila beseni la nyama lilipoletwa mezani, alilitazama kama mama anayeona mwanawe analishwa na jirani.

"Kaka Shuigen," aliniambia siku moja, "mimi si mpishi. Mimi ni fundi cherehani. Nataka mtu ale nyama niliyoikoleza mimi, na ajue ni mimi. Hata mara moja tu."

Majira ya baridi yaliyopita Bibi Tao, ambaye ana miaka themanini na moja, alishikwa na mafua ya wiki tatu. Mwenyewe alipona, ulimi wake haukupona. Akawa anatia chumvi, anaonja, anakunja uso, anatia tena. Meidi alionja beseni la kwanza, akanitazama, akafunga mlango wa jikoni.

"Umeonja?" akaniuliza.

"Nimeonja."

"Umwambie wewe."

"Mimi?" nikasema. "Wewe ndiye mkwe."

"Ndiyo maana siwezi."

Hakuna aliyemwambia. Ila kila alfajiri Bibi Tao alipomaliza kukoleza na kwenda bustanini kunyoosha viungo na wenzake, Meidi alitoa kabatini nyama isiyo na chumvi, akaongeza mchuzi wa ngozi ya nguruwe ulioganda, ule unaoyeyuka kwenye mvuke na kuwa supu, akachanganya upya. Na sukari akatia. Kidogo tu, mtu wa Nanxiang asiweze kuitaja kwa jina.

Wateja wakaongezeka. Mzee wa duka la vitambaa, ambaye kwa kawaida husifu mvua tu, alisema, "Bibi Tao, kadiri unavyozeeka ndivyo mkono unavyokuwa mtamu!"

"Mkono wa Nanxiang huo," akajibu Bibi Tao, kidevu juu. "Hauazimwi."

Meidi akafunga kifuko kwa nguvu kiasi kwamba nilikihurumia.

Mwezi wa tisa, kaa walipoanza kunenepa, Bibi Tao alitangaza wakati wa chakula kwamba amechoka. Beseni atalikabidhi kwa mpwa wake Defa, anayeuza tairi.

"Defa hajui hata kuchemsha yai, Mama," alisema Baosheng, mume wa Meidi, kwa sauti ya mtu anayeomba apishwe njia.

"Atajifunza. Amezaliwa hapa."

Meidi aliweka vijiti vyake mezani polepole. "Mama, dada yangu ana goti. Naenda Wuxi siku tatu."

"Goti gani?"

"La kushoto."

Asubuhi iliyofuata alipita mbele yangu na begi. "Beseni la leo halijaguswa," akaninong'oneza. "Limetoka mkononi mwa Nanxiang, liende mezani hivyo hivyo. Wewe tazama mvuke wako." Akaondoka. Nilitamani na mimi ningekuwa na dada mwenye goti.

Vifuko vya siku ile alivifunga Bibi Tao. Nikapanga, nikafunika, nikapeleka mezani. Mzee wa vitambaa alikula kimoja, akakohoa, akasema, "Leo vina nguvu," akaomba chai. Watu wa meza ya pili walisema vitamu, wakaomba chai. Birika nililijaza mara tano. Hakuna aliyesema neno, maana umwambieje Bibi Tao, ambaye alikuwa akikulisha tangu huna meno?

Hapo ndipo alipoingia mgeni, bwana mmoja mnene mwenye kofia, jina lake Khoo, kutoka Penang, mbali ng'ambo ya bahari. Alisema babu zake walitoka pande za kusini huku kwetu, na kwamba kila nchi anayotembelea hula vifuko vya supu na kuviandika kwenye daftari: amekula Taipei, amekula Singapore, amekula hata San Francisco.

"Sasa nimekuja kwa wenyewe," akasema, akiweka daftari mezani.

"Umefika," akajibu Bibi Tao. Kikapu alikipeleka yeye mwenyewe, akasimama pale pale.

Bwana Khoo alikuwa anajua kula. Alikiweka kifuko kwenye kijiko, akakitoboa kwa meno, akavuta supu. Akafumba macho. Akayafumbua, na yalikuwa na machozi.

"Bibi," akasema, "hii ni supu au nimeangukia baharini?"

Mzee wa vitambaa alianza kuchunguza viatu vyake.

"Una ulimi wa ugenini wewe," alisema Bibi Tao.

"Huenda, Bibi. Waulize wa hapa."

Bibi Tao aligeuka akawatazama wateja mmoja mmoja. Wote walikuwa wanakunywa chai. Akanigeukia mimi.

"Shuigen. Onja."

Nilionja. Nikamimina chai nikanywa kikombe, nikamimina cha pili.

"Tangu lini?" akauliza, sauti imeshuka.

"Tangu mafua, Bibi."

"Na huu mwaka mzima walikuwa wanasifu nini?"

Mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Lakini nilifikiria beseni likienda kwa Defa wa tairi, nikasema, "Mkono wa Meidi, Bibi. Ukienda bustanini, anakoleza upya."

"Na sukari anatia?"

"Anatia."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Alikaa kwenye kiti cha wateja, jambo ambalo sijawahi kuliona. Mzee wa vitambaa akamsogezea chai. Kisha akamwita Baosheng ampigie simu mkewe, na kwa kuwa masikio ya Bibi nayo yana umri, simu iliwekwa sauti ya juu, wote tulisikia.

"Goti la dada yako likoje?"

"Bado, Mama."

"Liambie lipone leo."

"Kuna nini, Mama?"

"Kuna mgeni kutoka Penang, nimempikia bahari. Nimemwambia arudi kesho. Ukoleze wewe."

"Nikoleze mbele ya macho ya nani?"

"Mbele ya macho yangu! Kwani nitakwenda wapi?"

Meidi alirudi kwa treni ya jioni. Alfajiri nilipofika, wawili wale walikuwa wamesimama pande mbili za beseni kama majogoo.

"Sukari kijiko kimoja," alisema Bibi Tao.

"Viwili."

"Meidi, usinizike kabla sijafa."

"Umekula viwili tangu baridi, Mama, na mashavu yamekujaa."

"Sikuvihisi!"

"Basi huwezi kuvikataa."

Bibi Tao alimsogezea mkebe wa sukari. "Kimoja na nusu. Na hiyo nusu uitie nikiwa nimegeuka." Akageuka, akatazama ukuta. Meidi akatia. Nilihesabu vijiko viwili vizima, na ninadhani Bibi Tao naye alihesabu, kwa kisogo.

Bwana Khoo alikuja mapema, akala vikapu vitatu bila kuongea. Kisha akafungua daftari. "Niandike nyama hii imekolezwa na nani?"

Meidi alikuwa na unga mpaka viwikoni. Alimtazama Bibi Tao.

"Andika Hua Meidi," alisema Bibi Tao. "Wa Nanxiang."

"Wa Wuxi, Mama."

"Miaka ishirini na tisa unakula mchele wangu, bado wa Wuxi?"

"Mchele wa Nanxiang, sukari ya Wuxi."

"Andika vyote viwili," Bibi Tao akamwambia mgeni, "mradi Wuxi uiandike kwa herufi ndogo." Kisha akamsukuma Meidi kwa nyonga ili apate nafasi mezani, akachukua kipande cha unga, na kwa mara ya kwanza katika duka lile akaanza kufunga nyama iliyokolezwa na mkwe wake.