Mchuaji Aliyeuliza Kabla ya Kugusa

Jumatatu nilipoambiwa kwamba yule mchuaji wa wachezaji aliyetujia kutoka kambi ya wakimbizi amefariki, nilisema pole, kisha nikajikuta nimepumua kwa nafuu. Nawaungamia, wasomaji wangu. Mbali na safu hii, nami huchua misuli hapa Kamina, na mtu yule alinitia wivu miaka mingi.

Kwetu mchuaji hodari ni yule anayempigisha mchezaji mayowe, na mimi nilikuwa bingwa wa mawese ya moto na dole gumba. Mshambuliaji wetu alipoumia nyuma ya paja nilimchua wiki nzima. Akazidi kuchechemea, na mechi yetu na timu ya Kabongo inakaribia. Akanikimbia, akaenda kwa yule mgeni. Nilimfuata hadi mlangoni nikiomba kwa Mungu kwamba mwenzangu ashindwe. Mgeni hata hakumgusa. "Tembea kwanza, nione," alimwambia. Halafu, "Unatumikaka kazi gani?"

"Niko nasukuma kinga ya makala," alijibu mchezaji, yaani baiskeli iliyosheheni mkaa.

"Unasimamaka upande gani ya kinga?"

"Ule ule moja, kila siku."

Ndipo akabonyeza paja taratibu, akanigeukia. "Musuli imepasuka, kaka. Apumuzike wiki mbili, abadilishe upande ya kusukuma, njo tuanze kuchua polepole. Weye uko na mikono ya nguvu, lakini haukumuuliza."

Kabongo walitufunga, nami nilifurahi kimyakimya, nikidhani lawama itamwangukia yule mgeni. Lakini kijana alirudi uwanjani akacheza msimu mzima bila kuchechemea, na wachezaji wakanihama mmoja mmoja. Niliwaambia watu wengine kwamba fundi anayeuliza hajui kazi. Waliniamini, maana ndivyo tulivyo: mganga, mwalimu, hata mkubwa wa ofisi, kila mmoja anaona aibu kuuliza, anakimbilia kushika. Kuuliza si ujinga. Nililijua hilo tangu siku ile mlangoni, na wivu ukanifunga mdomo.

Jana, baada ya mazishi, golikipa alikuja kwangu na bega lake linalouma. Hana pengine pa kwenda. Siku hiyo nilikuwa nimeingoja kwa miaka. Nikachota mawese, mkono ukasita. "Inua mukono kwanza, nione," nikamwambia.

Akatabasamu kwa huzuni. "Unasema sawa yeye."

Kufananishwa naye kuliniuma kuliko matusi. Amelala kaburini na bado ananishinda. Basi shikeni neno hili, kwa kuwa limenigharimu: anayetaka kukushika kabla hajakuuliza, usimpe mwili wako, hata kama ni mimi.