Kupeleka Majibu Kintinku

Nilisafiri kwenda Singida kwa sababu utafiti wetu ulikuwa umepata majibu, na watu waliotupa majibu hayo walikuwa bado hawajaambiwa. Ndivyo alivyonieleza mkuu wa mradi asubuhi moja ofisini kwetu Dodoma, huku akinionyesha boksi la fulana na mabango ya rangi yaliyokuwa yakisubiri mlangoni.

Utafiti wenyewe ulikuwa na swali jepesi. Mzee au mgonjwa asiyeweza kuinuka kitandani, akitembelewa na jirani aliyefundishwa kuhudumia watu wa namna hiyo, atakuwa na nafuu kuliko yule anayeachiwa ndugu zake peke yao? Kijiji kimoja upande wa Sepuka kilipewa majirani waliofundishwa. Kijiji kingine, jirani na Kintinku, hakikupewa. Wakazi wake waliulizwa maswali yale yale tu, ili tofauti ionekane. Waliahidiwa kwamba mafunzo yakionekana yanafaa, nao watayapata.

Mafunzo yalionekana yanafaa. Sepuka wagonjwa wengi hawakuota vidonda vya mgongoni, na waliokuwa navyo walipona. Kintinku hali ilikuwa mbaya.

Mimi nilikuwa muuguzi kwa miaka mingi kabla ya kuhamia kwenye mradi, na nilipoajiriwa maswali yote yalikuwa yameshaulizwa. Kazi yangu ilikuwa kufikisha habari.

"Eliza, waeleze matokeo, washukuru, piga picha," mkuu aliniambia. "Habari ya mafunzo mengine usiiguse. Mradi umefungwa."

Tulitoka Dodoma kukiwa bado na ubaridi wa asubuhi. Gari aliliendesha Bwana Mkumbo, afisa ustawi wa jamii, Mnyiramba wa Kiomboi aliyekaribia kustaafu. Yeye ndiye aliyezunguka vijiji vyote viwili akiuliza maswali, kwa hiyo alizijua nyumba na watu waliomo. Mpaka Bahi alinisimulia habari za mahindi yake na za binti yake aliyeolewa Sekenke. Tulipokaribia Kintinku akanyamaza. Ng'ombe walikuwa wanavuka barabara, tukasimama kuwasubiri, na vumbi lao likaingia mpaka ndani.

"Hatushuki hapa, kaka?" nilimuuliza.

"Tutashuka wakati wa kurudi. Tuanze kule wanakotupenda."

Tulipanda mlima wa Saranda, tukanywa chai Manyoni, tukaendelea. Kuelekea Ikungi upepo ulikuwa mkali, ule upepo wa Singida unaovuma baada ya mavuno, na kando ya barabara mabua ya alizeti yalikuwa yamesimama makavu bila vichwa. Tulipoacha lami kushika njia ya Sepuka, Mkumbo alianza tena kuongea.

Sepuka walitupokea vizuri mno. Mkutano ulifanyika mbele ya ofisi ya kijiji, watu wakapiga makofi nilipowaambia kwamba kazi yao imezaa matunda na sasa inasomwa mpaka nchi za mbali. Fulana ziligawanywa. Kisha tukapelekwa nyumbani kwa Fatuma Njiku, mmoja wa majirani waliofundishwa, tukala ugali wa mtama na kuku wa kienyeji.

Baada ya chakula Fatuma alinichukua kumwona Mzee Ntandu, nyumba ya tatu kutoka kwake. Mzee huyo miguu ilimwishia zamani, na mkewe amefariki. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akamwambia Fatuma jambo kwa Kinyaturu wakacheka wote wawili.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema wewe ni mnene kuliko wale waliotangulia. Labda wewe utakaa."

Niliomba kumwangalia mgongo. Ngozi ilikuwa laini, nzima, imepakwa mafuta. Wodini nimeona migongo mingi, na nilijua mgongo ule ulikuwa unaonyesha miezi mingi ya mtu kuja na kuondoka, kuja na kuondoka. Nilimpongeza Fatuma. Hakufurahi kama nilivyotegemea.

"Tulikuwa kundi zima, dada," alisema tulipotoka nje. "Sasa hivi tumebaki mimi na mama mmoja wa kule bondeni. Wengine wamechoka."

"Wamechoshwa na nini?"

"Glavu ziliisha, sabuni ikaisha. Hilo tungelivumilia. Lakini zamani ukiona kidonda kimekuzidi, ulimpigia simu nesi wa mradi akaja na gari. Siku hizi unapiga, namba haipatikani. Kuna bibi alinifia mikononi, ndugu zake wakasema ni mimi niliyemtonesha. Nani angenitetea?" Alisimama, akanitazama usoni. "Hebu nieleze, maana mkutanoni sikukuelewa. Nyie mkishajua kwamba dawa inaponya, ndipo mnaacha kuileta?"

Nilimjibu kwamba halmashauri na wafadhili wengine watasoma ripoti, na huenda wakaichukua kazi. Niliyasikia maneno yangu yakitoka, nikayaona mepesi.

"Haya," Fatuma alisema. "Wasome."

Tulilala Ikungi. Asubuhi tuliianza barabara ya kurudi. Tulipoanza kushuka Saranda, joto la bonde likatupanda. Mkumbo alipunguza mwendo kuliko ilivyohitajika.

"Kuna mtu utakutana naye," alisema. "Anaitwa Yohana Chilongani. Mkewe alipigwa kiharusi, akalala. Yohana alimhudumia mwenyewe, kumwogesha, kumlisha, kumfulia. Mwanamume wa Kigogo, mfugaji, anamfulia mkewe nguo za haja! Wenzake walimcheka wakachoka. Nilimfikia mara mbili na maswali yangu. Mara ya pili yule mama alikuwa na kidonda. Nilipopita tena, maswali yakiwa yameisha zamani, nilikuta ameshazikwa."

"Ulimwambia nini ulipokiona kidonda?"

"Nilimwambia ampeleke zahanati. Zaidi ya hapo tulikatazwa. Tuliambiwa tukianza kufundisha kule, tutaharibu tofauti." Alibadilisha gia. "Basi tofauti ikapatikana."

Kijijini tulipewa darasa la shule. Watu waliokuja walikuwa wachache, wengi wao wanawake, wakakaa kwenye madawati ya watoto. Mbele kabisa alikaa mzee mrefu, mwembamba, amevaa koti zito pamoja na lile joto lote, fimbo yake ameilaza magotini. Sikuhitaji kuelezwa kuwa ni nani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Mwenyekiti wa kijiji alitukaribisha, nami nikaeleza matokeo. Nilijitahidi kuyasema kwa upole, lakini hayakuwa na namna ya upole. Kule walikofundishwa, wagonjwa walipata nafuu. Hapa ambapo hawakufundishwa, hawakupata. Nikasema tunawashukuru sana, kwa sababu bila ninyi tusingejua.

Yohana alinyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Hayo umeyajua lini?"

Nilimtazama Mkumbo. Alikuwa ameinamia viatu vyake. Mkuu wangu hakunikataza kujibu swali hilo. Nadhani hakuwaza kwamba lingeulizwa. Majibu yalikuwa yamekaa kwetu muda mrefu. Ripoti iliandikwa, ikapelekwa nje, ikarudishwa kusahihishwa, ikapelekwa tena, na utaratibu ulikuwa kwamba isisemwe popote mpaka ichapishwe.

"Tulijua kabla ya mvua za mwaka jana," nikasema.

Dawati moja lililia. Midomo ya Yohana ilitembea kama ya mtu anayepiga hesabu.

"Mariamu wangu alikufa mvua zikiwa zinaishia," alisema. "Mahindi yalikuwa yameshakomaa. Kwa hiyo mvua nzima mlikuwa mnajua."

"Ndiyo, mzee."

Mwenyekiti alikohoa, akataka kufunga mkutano kwa sala. Yohana akamzuia kwa mkono.

"Ngoja kwanza. Hicho walichofundishwa wale wa Sepuka ni kitu gani? Nataka kukijua."

Niliyakunja mabango. Nikaomba mkeka na mito, au hata nguo za kukunja kama mito hakuna. Wanawake wawili walitoka wakarudi na mkeka na mto mmoja wa pamba, na mwingine akavua kitenge chake cha juu akanipa. Nikauliza nani atalala nimwonyeshe. Hakuna aliyetaka. Kulala mbele za watu ukijifanya mgonjwa asiyejiweza ni kama kujiitia mkosi.

Yohana aliweka fimbo chini, akavua koti, akalala chali sakafuni.

Nilipiga magoti upande mmoja, Mkumbo upande wa pili. Nikawaonyesha: unaukunja mguu wa mbali, mkono mmoja begani, mwingine kwenye nyonga, unamvuta kwako polepole kama gogo lililo hai. Anageukia ubavu. Unaweka mto mgongoni asirudi, kitenge katikati ya magoti, na visigino visikandamizwe. Baada ya saa mbili unamgeuzia ubavu wa pili. Asubuhi, mchana, usiku. Yohana alikuwa mzito kuliko alivyoonekana, na alijilegeza kabisa mikononi mwetu, amefumba macho. Alijua jinsi ya kulala kama mtu asiyejiweza. Alikuwa amemwona kwa karibu.

Tulimgeuza upande wa kulia, tukamgeuza wa kushoto. Akiwa bado ameelekea ukutani akauliza,

"Halafu?"

"Halafu unamkausha vizuri, unaangalia ngozi yake kila siku. Ukiona pamekuwa pekundu, asipalalie tena mpaka papoe. Na anywe maji, ale maharage au mayai kama yapo."

"Alikula. Mayai alikula." Akaupapasa ule mto nyuma yake. "Ni hiki tu?"

"Kubwa ni hiki, mzee."

Alijigeuza mwenyewe, akakaa. Kulikuwa na vumbi la chaki kwenye nywele zake.

"Mimi nilimlaza chali," alisema, na alikuwa akiongea na wale wanawake, si na mimi. "Niliuza mbuzi nikamnunulia godoro. Nikamlaza vizuri, nikamfunika. Sikumsogeza. Niliogopa kumsogeza nisije nikamuumiza. Watu wakija nawaambia, msimguse, mwacheni apumzike." Alisimama, akaokota koti lake. "Jifunzeni nyie. Ni kitu chepesi. Huyu hapa angeweza kunionyesha mlangoni pangu, tena bila kukaa."

Aliponyoosha kidole hakunyoosha kwangu, alinyoosha kwa Mkumbo. Kisha akachukua fimbo, akatoka. Kupitia dirishani nilimwona akivuka uwanja wa shule, koti limening'inia begani, hata hakulivaa.

Mkumbo alibaki amepiga magoti kwenye mkeka. Nilimwita mara mbili ndipo akanyanyuka.

Hatukufunga kwa sala. Mama mmoja aitwaye Ester alisema ana mama mkwe amelala ndani tangu mwaka jana, akaomba twende naye. Tukaenda. Chumba kilikuwa na giza na harufu niliyoijua tangu mlangoni. Kidonda kilikuwa kikubwa kama kiganja. Nilikisafisha kwa vifaa nilivyokuwa navyo, nikamfundisha Ester pale pale, akamgeuza mkwewe mwenyewe, tena na tena, hadi akaweza bila kuelekezwa. Wanawake wengine walijipanga ukutani wakitazama. Picha sikupiga hata moja.

Tuliingia Dodoma jua likizama. Mkumbo alinishusha kwangu bila kuzima gari.

"Mdogo wangu," alisema, "mimi nilikuwa najivunia kwamba sijawahi kuharibu utafiti wa mtu."

Ofisini, mkuu aliuliza habari za picha. Nilimweleza yote, na mtu yule si katili. Aliweka miwani mezani akafumba macho kwa muda. Kisha akaniambia,

"Bila kijiji cha kulinganisha, nani angetuamini? Tungesema tumesaidia, wangesema wazee wa Sepuka wangepona wenyewe."

Ni kweli. Nimefanya kazi wodini ambako watu walihudumiwa kwa mazoea tu, na mazoea nayo yanaua. Ushahidi lazima utafutwe. Lakini nilimwambia kwamba sioni kwa nini ukishapatikana upelekwe kwanza kwa wasio na mgonjwa ndani. Nikaomba nirudi Kintinku kutimiza ile ahadi, hata kwa wiki moja. Alisema hakuna fungu la kazi hiyo, ila kuna wazo la utafiti mpya, na kijiji kile kingefaa tena kwa kulinganisha, kwa kuwa bado hakijafundishwa.

"Kimeshafundishwa," nikamjibu. "Nimekiharibu."

Hilo ndilo nililojifunza kwenye safari ile: kwamba mtu anaweza kuuliza swali zuri, akalijibu kwa uangalifu na uaminifu wote, na bado akamkosea aliyempa jibu. Sijui kitabu gani kinafundisha namna ya kulikwepa hilo. Mimi nilichoweza ni kuomba likizo yangu ya mwaka. Mkumbo naye akaomba yake.

Nilimpigia simu mwenyekiti kumuuliza kama tutapokelewa. Alisema Ester anatusubiri, kidonda cha mkwewe kimeanza kukauka pembeni, na kuna nyumba nyingine tano zinatutaka. Nikamuuliza habari za Mzee Yohana.

"Yuko salama," alisema. "Anasema mje, mfundishe watu. Ila kwake msipite."