Mzee Aliyesimama Sokoni Maji ya Chai

Zilipobaki siku chache turudi Kenya, nilikuwa na mtu mmoja tu wa kujivunia. Tulikuwa wanafunzi wa chuo, kikundi cha maombi, tumevuka mpaka wa Namanga kuja Tanzania kuhubiri upande wa Meru, na mimi mwenye mdomo kuliko wenzangu ndiye niliyepewa kipaza sauti sokoni Maji ya Chai. Siku ile niliita watu waje mbele waokoke. Nikaita tena. Walinitazama kwa adabu kubwa, nyanya mkononi, na hakuna aliyenyanyua mguu. Nilikuwa karibu kulia mbele za watu ndipo mzee mmoja wa koti la kijivu akainuka kwenye kreti ya soda, akavua kofia, akaja mbele na kupiga magoti.

Nilimwombea mpaka sauti ikakauka. Jioni nilimpigia mama simu nikamwambia Mungu amenipa mtu. Kiongozi wetu naye akaniambia nijiandae, tukifika chuoni nitasimama kusimulia habari za mzee huyo. Nilivimba kichwa, siwezi kuficha.

Jumapili tukaalikwa ibadani kwa Walutheri, juu kidogo, kanisa lililozungukwa na migomba na kahawa. Tarumbeta zikalia, mchungaji akaingia, na nyuma yake wazee wa kanisa kwa maandamano. Wa kwanza alikuwa mzee wangu wa koti la kijivu. Nikajiambia nimemfananisha. Baada ya ibada watu wakatoka nje kwenye mnada, ambako mazao yaliyotolewa sadaka huuzwa, na aliyesimama kunadi alikuwa yeye, jogoo kwapani, akiwatania watu kwa Kimeru mpaka wakashika mbavu. Nilimuuliza mama tuliyefikia kwake. Akasema huyo ni mzee wa kanisa tangu yeye hajaolewa, na amebatizwa angali mtoto mchanga.

Nilisimama pale kwenye majani kama niliyemwagiwa maji ya mlimani, kisha hasira zikanipanda. Nilimfuata, nikamwamkia shikamoo ya mdomoni tu, nikamuuliza kwa nini alinidanganya mbele ya soko zima.

Alimshusha jogoo polepole kabla ya kunijibu. "Ulikuwa umesimama peke yako, mwanangu. Nikaona si vizuri mgeni tumwache hivyo."

Nilikuwa nimehurumiwa, tena na mtu niliyedhani mimi ndiye ninayemhurumia. Chakula cha mchana kilinishinda, ingawa mama mwenyeji alikuwa ametupikia ndizi nyama za kutuaga.

Kesho yake ulikuwa mkutano wetu wa mwisho sokoni. Nilikwisha kuamua kwamba sitaita mtu. Sikuwa tayari kuonewa huruma mara ya pili. Nilimwona palepale kwenye kreti yake, nikayakwepa macho yake, nikahubiri kwa ufupi, nikasema amina na kuashiria jenereta izimwe. Wenzangu walinitolea macho. Watu wakaanza kutawanyika.

Mzee akanijia, kofia mkononi. Nikamwambia kwa utani wenye mwiba kwamba leo nimempumzisha.

Hakucheka. "Leo nilikuja kwa ajili yangu," alisema.

Akanielekeza kwa kidevu ng'ambo ya barabara, kwa mtu aliyekuwa akipakia ndizi kwenye guta, kigari cha mizigo cha magurudumu matatu. Alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Hawajasalimiana tangu walipogawana kihamba cha baba yao, shamba la migomba, na yeye, mkubwa, akachukua upande wenye maji. Alitaka kusimama mbele za watu na kusema kwamba alimdhulumu ndugu yake. Kanisani haikuwezekana, kwa sababu mdogo wake aliacha kanisa siku ile ile yeye alipofanywa mzee wa kanisa. Palikuwa pamebaki sokoni tu, mahali mdogo huyo anapouzia ndizi kila siku. Tangu nilipomgombeza Jumapili alikuwa akitafuta ujasiri, na alichokuwa akingoja ni mimi niite watu.

Ng'ambo ile guta lilikuwa karibu kujaa. Nilirudi mbio jukwaani na kukuta nyaya zimeshakunjwa, basi nikaita kwa koo langu, sauti ikikatikakatika, bila hata kujua nasema nini. Waliokuwa wakiondoka wakageuka. Mzee akaja mbele, lakini safari hii hakupiga magoti wala hakunitazama. Alinipa mgongo, akaigeukia barabara, akaita jina la mdogo wake.

Yule mtu alikuwa na mkungu wa mwisho begani. Alisimama nao hivyo hivyo, hautui wala haupakii, akimsikiliza kaka yake.