Zamu Aliyonyimwa Nolia

Kaka yangu Olide Vidrine ni mtu wa kanisani. Halewi hovyo, hajawahi kumwinulia mkewe mkono, na mimi kila nikikumbuka alivyomfanyia wifi yangu Nolia natamani kumzaba kibao mbele ya padri. Nasema mapema, asije mtu akadhani nasimulia bila kuegemea upande. Naegemea.

Nolia aliolewa na Adraste, kaka yangu mwingine, mdogo wa Olide. Aliletwa hapa Anse Vidrine, kwenye mashamba ya mpunga ya Louisiana, akiwa msichana mwembamba mwenye mdomo mrefu kuliko mwili. Jumapili yake ya kwanza mama yetu alionja mchuzi wake akasema umepooza. Nolia akamjibu, "Chumvi hiyo hapo, mama, na mkono unao." Sisi sote tukaacha kutafuna. Mama akacheka hadi akashika mbavu, na tangu siku hiyo jiko likawa la Nolia.

Kupika, alipika kwa hasira. Alikaanga unga wa kukolezea mchuzi kwenye mafuta huku anaukoroga na kuutukana hadi ukawa na rangi ya kahawa, na ukimsemesha wakati huo anakuelekezea mwiko. Lakini kilichompa jina ni tasso. Bega la nguruwe alilikata vipande virefu, akavisugua chumvi, kitunguu saumu na pilipili kali nyekundu mpaka viganja vikawaka moto, kisha akavitundika kwenye kibanda cha moshi alichojengewa na Adraste, juu ya moto mdogo wa kuni za mwaloni. Nyama ikitoka humo imekauka, imekuwa nyeusi pembeni, na inauma ulimi. Watu hawali tasso kama mshikaki. Unatupa vipande vichache kwenye maharage meupe, au bamia, au mahindi mabichi yaliyokwanguliwa, na mpita njia anajua humo ndani leo kuna watu wanaokula.

Sasa, kwa sisi Cajun, watu wa Louisiana wenye asili ya Kifaransa, nguruwe hachinjwi na mtu mmoja. Wakati huo umeme ulikuwa haujatufikia, na nguruwe mzima huoza kabla nyumba moja haijammaliza. Kwa hiyo ikifika baridi nyumba za ukoo hupeana zamu. Jumamosi hii wanachinja kwa Olide, wote wanakwenda na visu vyao, na kila nyumba inarudi na fungu lake la nyama mbichi. Jumamosi nyingine ni kwetu, kwangu na mume wangu Minos. Hivyo hivyo mpaka baridi inakwisha. Aliyekula kwako lazima akulishe kwake. Nyumba yenye zamu ni nyumba. Isiyo na zamu ni watu tu wanaoishi jirani.

Adraste alikufa wakati wa kuvuna mpunga, kwa homa iliyomkamatia shambani. Hawakuwa wamejaliwa mtoto. Nolia alivaa nyeusi na kuendelea kulisha kuku, kwa kuwa kuku hawajui matanga.

Baridi ilipokaribia, Olide akatukusanya barazani kwake baada ya misa kupanga zamu. Akataja nyumba zote. Alipomaliza akajipiga mapajani kwa viganja kama mtu anayetaka kunyanyuka.

"Na mimi?" Nolia akauliza.

"Wewe usijali, shemeji. Tutakuwa tunakuletea kidogo kidogo."

"Kidogo kidogo cha nini?"

"Cha nyama. Mjane asihangaike na nguruwe."

"Sijaomba kuletewa. Nimeuliza zamu yangu lini."

Olide akatabasamu lile tabasamu lake la kuongea na wagonjwa. "Nolia, zamu ina mwanamume wake. Nani atampiga nguruwe? Nani atashika kisu? Mkono mtupu haulambwi, shemeji. Mithali hiyo sikuitunga mimi."

"Mikono yangu hii hapa. Miaka yote imekulisha tasso, na wewe ndiye uliyekuwa unalamba mpaka sahani."

Watu walicheka. Olide akawa mwekundu kuanzia kwenye kola hadi masikioni, na naamini kicheko kile ndicho kilichomfanya awe mgumu. Angeweza kucheka na yeye, mambo yakaisha. Hakucheka. Akufukuzaye hakwambii toka, na kaka yangu hakumwambia Nolia toka. Alimtuma kwake mwanawe mkubwa, Curley, na kifurushi cha mifupa na mkia. Nolia akakirudisha bila kukifungua. "Mwambie baba yako nimeshiba," akasema.

Nguruwe alikuwa naye. Adraste alimnunua akiwa mdogo, akamlisha pumba za mpunga na viazi vitamu mpaka akawa hawezi kupita mlango wa banda lake bila kusukumwa. Basi Nolia akachagua Jumamosi, akapita nyumba kwa nyumba kualika kama mumewe alivyokuwa akifanya. Wote walisema watakuja. Olide aliposikia, akatangaza kwamba Jumamosi hiyo hiyo anahitaji wanaume wamsaidie kurekebisha uzio. Ghafla kila mwanamume wa ukoo akakumbuka jinsi anavyoupenda uzio wa Olide.

Asubuhi hiyo tulikuwa watatu: Nolia, mimi, na Minos na visu vyake. Maji yalikuwa yanachemka kwenye pipa. Meza ilipangwa vikombe vya kahawa mwanzo hadi mwisho. Tukanywa yetu, tukatazama barabara.

"Tusubiri kidogo," Minos akasema. "Labda tope limewachelewesha."

"Mchinje," Nolia akasema.

"Lakini shemeji, nyama yote hii..."

"Minos, mchinje, au nipe kisu nimchinje mwenyewe!"

Tulifanya kazi ya watu kumi. Tulimmwagia maji ya moto, tukakwangua manyoya, tukampasua, tukaosha utumbo kwa vidole vilivyokufa ganzi, na kila nilipoinua kichwa naiona barabara tupu na namsikia kaka yangu, upande wa pili wa shamba, anagonga misumari. Nilikuwa tayari kwenda kumng'olea misumari kwa meno. Nilimwambia Nolia tugawe mafungu hivyo hivyo, tuwapelekee majumbani waone aibu. Akanitazama kama nimemtukania marehemu.

"Hawakuja. Hawali. Yote tasso."

Tasso huwa inatengenezwa kwa bega. Yeye alikata bega, paja, mgongo, kila kilichokatika, akasugua pilipili mpaka kopo likaisha, akaagiza kopo jingine kwa jirani. Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kidevuni. Alikuwa analia kwa hasira, na mimi nilikuwa nalia kwa hasira ubavuni mwake, nina aibu kwamba mtu yule na mimi tulinyonya titi moja.

Baridi nzima kile kibanda kilitoa moshi. Jumamosi wenzetu walichinja, walicheka, walikaanga ngozi za nguruwe, na Nolia hakuitwa. Mimi na Minos tuliitwa, hatukwenda. Wanaume waliopita mbele ya nyumba yake walipunguza mwendo, wakanusa, wakaongeza mwendo. Wanasema hasira hasara. Mimi naona inategemea ni ya nani.

Ikafika Mardi Gras, Jumanne ya mwisho kabla ya Kwaresima. Siku hiyo wanaume wetu huvaa vinyago na kofia ndefu zenye ncha, hupanda farasi, na kuzunguka nyumba hadi nyumba wakiomba vitu vya kupikia gumbo, mchuzi mzito wa karamu ya jioni: kuku, mchele, vitunguu, chochote. Kapteni peke yake havai kinyago. Yeye hutangulia na bendera nyeupe, anavua kofia mbele ya mwenye nyumba, na kuuliza kama kundi litapokelewa. Mpaka mwenye nyumba aseme ndiyo, hakuna kwato inayokanyaga ua. Hata mlevi asiyekumbuka jina lake analijua hilo. Kapteni wetu, miaka yote, alikuwa Olide.

Nilikuwa jikoni kwa Nolia. Mvua ya baridi ilikuwa inanyesha, na yeye alikuwa anakoroga chungu kikubwa cha maharage meupe na tasso, wali ukiwa tayari pembeni.

"Chungu chote hicho unampikia nani?"

"Tumbo langu."

"Tumbo lako lina wageni?"

"Elda, kata vitunguu au nenda kwako."

Tukawasikia barabarani. Sote wawili tulijua Olide atawapitisha moja kwa moja. Lakini wale vijana walikuwa wamelowa, wana njaa, na upepo ulikuwa unatoka kwetu kuelekea kwao. Farasi wakasimama. Tukasikia mabishano. Kisha tukasikia sauti ya kaka yangu, safi kabisa: "Ingieni, ingieni tu! Hii ni nyumba ya ndugu yangu, hapa hatuombi." Akapunga bendera juu ya farasi wake, na kundi zima likamwagika uani, likakanyaga vitunguu vya bustanini.

Nolia alitoka na mwiko unaodondosha mchuzi.

"Nani kawaruhusu?"

Olide akavuta hatamu.

"Shemeji, ni sisi," Olide akasema. "Ni Mardi Gras."

"Macho ninayo. Nimeuliza nani kawaruhusu."

"Lakini hii ni nyumba ya Adraste..."

"Adraste yuko nyuma ya kanisa. Kama umekuja kwake, njia unaijua."

Mmoja akakohoa chini ya kinyago. Olide akainama juu ya tandiko, akapunguza sauti. "Nolia, usinivunjie heshima mbele ya vijana."

"Heshima ipi? Umeniingizia farasi uani bila hodi. Kapteni asiyepiga hodi ni mwizi mwenye bendera."

"Kaka, rudi barabarani!" nikapiga kelele kutoka mlangoni.

"Elda, nyamaza, halikuhusu!"

"Linanihusu! Nguruwe huyo nimemkwangua mimi wakati wewe unapapasa uzio!"

Hapo farasi mmoja akageuzwa. Nilimtambua mpandaji kwa viatu, alikuwa Curley. Akatoka taratibu hadi barabarani, akasimama. Wa pili akamfuata, na wa tatu, na wote. Kaka yangu akabaki peke yake katikati ya ua, mvua inamchuruzika shingoni. Ningependa kusema nilimhurumia.

Naye akatoka. Huko nje akashuka kwenye farasi, akarudi kwa miguu na bendera yake iliyolowa, akasimama chini ya ngazi, akavua kofia.

"Bibi mwenye nyumba," akasema kwa sauti ya chini, "utalipokea kundi hili la Mardi Gras?"

"Sikusikia."

"Bibi mwenye nyumba! Utalipokea kundi hili la Mardi Gras?"

Sasa walisikia mpaka farasi. Nolia akamwacha asimame. Maharage yalikuwa yanaungua, nilisikia harufu yake, na sikuthubutu kusogea.

"Vijana nawapokea," akasema mwishowe. "Wewe baki barabarani uwashikie farasi."

Kwa sheria ile ile, kapteni haingii alikokataliwa. Alirudi. Akashika hatamu mkono huu na ule, na vijana wakaingia jikoni wakavua vinyago, wakawa tena wapwa na binamu, pua zinawachuruzika. Nolia aliwapakulia wali, akawamwagia maharage, akahakikisha kila sahani ina kipande cha tasso cha maana. Walikula wakitokwa na jasho, wanapuliza ndimi, wanaomba tena. Yeye hakuketi wala hakutabasamu.

"Mama mdogo," Curley akasema, "Jumamosi ile tulitaka kuja."

"Mlitaka."

"Baba alisema..."

"Baba yako alichosema nakijua. Wewe ulisema nini?"

Curley akatazama sahani yake. "Sikusema. Nilikuwa nashikilia nguzo."

Kisha Curley akafuta mdomo kwa mkono. "Baridi ijayo Jumamosi ya kwanza ni yako. Nakuja na kisu changu." Aliyekaa karibu naye akasema naye atakuja. Neno likazunguka meza, wengine wakilisema kwa mdomo uliojaa. Walipotoka, Curley akasimama barazani akamtangazia baba yake hadi barabarani: Jumamosi ya kwanza, kwa mama mdogo Nolia. Olide akayatazama masikio ya farasi wake, akatikisa kichwa mara moja kukubali. Nolia akawatupia kuku wa gumbo, wakamkimbiza topeni kama ilivyo desturi, wakaondoka wakiimba.

Mimi nilirudi jikoni nikirukaruka kama mtoto. Chungu kilikuwa kimekwanguliwa mpaka chini, na kibandani kulikuwa kumebaki vipande vichache tu vinavyoning'inia.

"Umeshinda, wifi! Umemwona sura yake? Umeshinda!"

Nolia alikuwa ameketi sasa, mara ya kwanza tangu asubuhi, mikono myekundu imelala mapajani.

"Nimeshinda nini, Elda? Nimewalisha nguruwe mzima ili waniambie kwamba naishi hapa."